Rangi Tisa kwenye Ukurasa Mmoja

Kimstari kinapepesa nyuma ya herufi r. Hakisogei. Wasichana wanne na wavulana wawili wameinamia laptopu moja kuukuu, na wote wanaona kinachowakera: kundi la waridi, lililoketi upande wa dirishani, limeandika "Wavuvi wanarara mchana, wanafanya kazi usiku." Hawa sita ni kundi la zambarau. Watatu kati yao ni watoto wa mtaa wa Buyenzi, Kiswahili wamekinyonya kwa mama, na "kurara" kwao ni punje ya mchanga ndani ya wali. Msichana aliyeshika zamu ya kuandika ameweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Anakigusa, habonyezi.

Anashuka kwenye kisanduku cha maongezi, chini pembeni, anaandika: "Hodi waridi."

Kimya.

Mwalimu yuko hatua mbili nyuma yao, mikono mgongoni, anatazama ukutani kama mtu anayehesabu nyufa. Ungedhani hajaona kitu.

Nimekaa katika darasa hili la nane vipindi vinne, kwenye shule moja ya Bujumbura ambayo mwalimu aliniomba nisiitaje, wala jina lake nisilitaje. Alikubali nikae nyuma kwa sharti kwamba nisisaidie. Sharti hilo lilinishinda mara mbili siku ya kwanza, na mara zote mbili alinitazama tu mpaka nikarudisha mkono wangu mfukoni.

Vifaa vyake havivutii macho. Laptopu tisa, hakuna mbili zinazofanana, karibu zote na kibodi ya Kifaransa ambayo A imekaa pale wengine walipoizoea Q. Wanafunzi ni hamsini na wanne. Wanakaa sita sita. Juu ya meza yake kuna kisahani cha plastiki cha sabuni chenye kifuniko, kimetobolewa matundu kwa msumari wa moto. Ndani yake mna Raspberry Pi, ile kompyuta ya Waingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ukubwa wake kama kadi ya benki. Inakula umeme wa pawabenki, ile ile ya kuchajia simu. Inatoa Wi-Fi yake yenyewe, inayofika mpaka mlangoni na labda kidogo uani. Intaneti haimo. Hakuna bando linaloliwa, hakuna mtoto anayeweza kupotelea kwenye video. Laptopu zote tisa zinafungua ukurasa mmoja uliomo ndani ya kile kisahani cha sabuni, na kila kundi linapoandika, makundi mengine manane yanaona herufi zikitokea papo hapo, zimepakwa rangi ya mwenye kuandika.

Programu yenyewe ni Etherpad. Ilitoka mwaka 2008, mwaka uliofuata Google ikainunua kampuni iliyoitengeneza, kisha msimbo wake ukaachiwa huru, na tangu hapo yeyote anaweza kuuweka kwenye mashine yake. Walimu wanaosoma Kifaransa wengi wanaijua kwa jina la Framapad, ambako chama cha Framasoft cha Ufaransa huigawa bure mtandaoni. Mwalimu huyu naye huko ndiko alikoionea kwanza, kwenye simu. Alichokipenda ni zile rangi. Kwamba ukibadilisha herufi moja tu ndani ya neno la mwenzako, herufi ile inabaki na rangi yako, kama kiraka kwenye shati.

Lazima niseme kwamba jambo hili niliwahi kulijaribu mwenyewe, miaka kadhaa nyuma, mji mwingine, shule yenye intaneti ya kumwaga na kompyuta mpya. Niliwapa vijana ukurasa mtupu nikawaambia: haya, andikeni kuhusu mji wenu. Dakika ya tatu mtu alikuwa amebandika jina la timu yake ya mpira mara mia mbili. Dakika ya tano mwingine akateua ukurasa wote, akafuta. Kisha vikaanza vita vya kurudisha na kufuta, na kwenye kisanduku cha maongezi matusi ambayo hata sasa nikiyakumbuka natazama chini. Nilifunga kipindi nikiilaumu programu. Nilipomsimulia mwalimu habari hiyo, aliniuliza swali moja: "Kwani shamba uliligawa?"

Yeye hugawa usiku. Nilimwona akifanya hivyo mara moja, nyumbani, mezani pakiwa na kikombe cha chai kilichopoa. Ukurasa anaoupeleka darasani una vichwa tisa vya sentensi, kimoja kwa kila rangi, na somo la wiki hiyo lilikuwa ziwa. Bujumbura haina haja ya kwenda mbali kulitafuta Ziwa Tanganyika. Ukitoka darasani ukapanda ghorofa yoyote ya mtaa wa Rohero unaliona limelala pale, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Wanafunzi wake wanajua ndagala zinavyonuka zikianikwa. Kwa hiyo kuuliza "Taja samaki watatu" ni kupoteza kipindi. Mtoto mmoja anajibu peke yake huku watano wakichora kwenye madaftari. Swali la namna hiyo analifuta. Aliandika: "Usiku wenye mbalamwezi mavuno hupungua kwa sababu…" akalitazama, akaliacha. Hilo linataka mtu aliyewahi kumsikia mvuvi: taa ndizo zinazowakusanya ndagala karibu na uso wa maji, na mwezi ukiwaka taa ya mvuvi inakuwa si kitu. Katika watoto sita, labda mmoja analijua. Itabidi awaeleze watano.

Kisha alifanya jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Swali la kijani alilipanga hivi kwamba huwezi kulijibu bila kusoma walichoandika bluu. La bluu linategemea la manjano. Kundi la bluu linaeleza kwa nini taa hutumika. Kundi la kijani linatakiwa kueleza kwa nini, basi, bei sokoni hupanda siku fulani za mwezi. Seremala anayeunga mbao bila msumari huchonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine, na kazi yote iko kwenye vipimo: ulimi ukiwa mnene hauingii, ukiwa mwembamba meza inayumba. Nilimtazama akichonga. Sentensi ya bluu aliiandika na kuifuta mara nne. Ya kwanza ilikuwa wazi mno, kijani wangeweza kubuni jibu bila kuitazama. Ya tatu ilifunga mno. Bluu wangekwama, na kijani wakakwama nyuma yao, na darasa zima likawa foleni ya mafuta. (Mkazi wa Bujumbura wa miaka hii hahitaji kuelezwa foleni ya mafuta ni nini.) Ya nne ilimridhisha. Saa nne usiku ilikuwa imepita.

Yeye mwenyewe kazi hii huiita ikibiri, neno la Kirundi la kulimiana mashamba: leo tuko kwako, kesho kwangu, kila mtu na mstari wake wa jembe, na ukimaliza wako unamsogelea aliyebaki nyuma. Anasema kinachosahauliwa na watu wengi wanaopenda neno "ushirikiano" ni ule mstari wa jembe.

Darasani ana sheria mbili tu. Ya kwanza inahusu kibodi. Anayeandika haruhusiwi kuandika wazo lake. Anaandika anachoambiwa na wenzake watano. Ana kengele ya baiskeli, ameifunga kwenye ukingo wa meza, na kila inapolia, kibodi inahama mkono. Niliona sheria hii ikifanya kazi kwa mvulana mmoja wa kundi la kahawia, mjuaji, mwenye vidole vyepesi, ambaye kwenye darasa langu lile la zamani angekuwa mfalme. Hapa zamu yake ya kibodi ndiyo zamu ya kunyamaza. Alipoteza uvumilivu, akaandika neno lake. Wenzake wakapiga kelele. Mwalimu hata kugeuka hakugeuka.

Sheria ya pili ni hodi. Maneno ya rangi nyingine ni nyumba ya mtu. Ukiona kosa humo, unabisha hodi kwenye kisanduku cha maongezi, unangoja "karibu", ndipo unaingia na kusema unataka kugusa nini. Usipojibiwa unarudia. Mara ya tatu usipojibiwa, unaondoka. Watoto wa Buyenzi walicheka walipoisikia mara ya kwanza, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na bibi zao mlangoni. Watoto wengine walicheka kwa kuwa hawakuwahi kufikiri kwamba kompyuta ina kizingiti. Nimeona mapendekezo mengi ya namna ya kuwazuia wanafunzi wasiharibiane kazi: kufunga ukurasa, kutoa nywila, kumpa mwalimu mamlaka ya kufuta. Hili la hodi sijaliona kwingine, na halikugharimu chochote.

Kiswahili chenyewe kina hesabu yake ya zamani mjini hapa. Buyenzi, pamoja na sehemu za Bwiza, ndiko kilikokaa tangu enzi za ukoloni, kwenye barabara zake zilizopewa namba badala ya majina, kati ya misikiti na gereji. Kwingineko nchini kuitwa Mswahili haikuwa sifa: alikuwa mtu wa mjini, mjanja, wa kuangaliwa mara mbili. Shuleni palikuwa na Kirundi na Kifaransa. Kisha mambo yakageuka. Burundi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili, pamoja na Kiingereza, vikapata nafasi kwenye madarasa ya chini. Leo mtoto anasoma lugha nne, na mwalimu wa Kiswahili anaingia darasani akikuta wengine wanakiota ndotoni na wengine wanakitafsiri neno kwa neno kutoka Kirundi, ambacho herufi l hakina. Ndiyo maana wavuvi wanarara.

Kwenye daftari tofauti hii inaishia kwenye alama: huyu tisa, yule nne. Kwenye ukurasa wa rangi inakuwa biashara. Wa Buyenzi wana bidhaa ambayo wengine wanaitaka, na kwa mara ya kwanza katika siku yao ya shule wao ndio wanaobishiwa hodi. Lakini mwalimu hawaachi wavimbe. Watoto wale husema "niko naenda, niko naandika," Kiswahili cha mtaani, cha upande huu wa ziwa, na wanadhani wamemaliza. Siku ile ya samaki wakaandika kwamba mukeke ni samaki mtamu kuliko wote. Kundi la kijivu likabisha hodi. Humo mna msichana aliyerudi na wazazi wake kutoka Kigoma, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti. Aliwaagiza wenzake waandike: samaki huyo anaitwa mgebuka.

Ikawaka. Zambarau wakasema mgebuka ni samaki mwingine. Kijivu wakaeleza umbo lake, mwembamba, wa rangi ya fedha, mdomo mrefu. Manjano wakaingia bila hodi, wakafukuzwa. Maongezi kwenye kisanduku yakawa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili ndani ya mstari mmoja, na mwalimu aliyaacha, maana Kiswahili anakidai kwenye ukurasa tu. Mimi niliyekuwa nyuma nilijua jibu na nilikaa juu ya mikono yangu. Ni samaki mmoja, Lates stappersii: Burundi mukeke, Kigoma mgebuka, na Zambia, kusini kabisa mwa ziwa hilo hilo, ana jina jingine tena. Dakika saba zikapita kwa samaki mmoja. Mwishowe zambarau wakauliza, "Kwenu ndagala mnaziitaje?" Kijivu wakajibu, "Dagaa." Na pale, nadhani, waliona kwamba ziwa moja lina pwani nyingi. Sentensi iliyobaki ukurasani ina rangi mbili: "Mukeke, ambaye Kigoma anaitwa mgebuka, ni samaki mtamu kuliko wote." Kijivu wala hawakupinga utamu.

Nilihesabu maneno ya mwalimu katika kipindi kile, ukiacha salamu na kuaga. Hayakufika arobaini.

Kuna mwalimu mwingine wa namna hii ambaye wanafunzi wa ualimu katika nchi zinazotumia Kifaransa hukutana naye vitabuni. Célestin Freinet alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na jeraha la pafu, pumzi ya kuhutubia darasa siku nzima hana. Mwaka 1924, katika kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, alinunua mashine ndogo ya kupigia chapa akaiweka darasani. Watoto wakapanga herufi za risasi moja moja, wakachapa habari za kijiji chao, kurasa zikasafiri kwenda kwa darasa la Trégunc, upande wa pili wa nchi, na za huko zikarudi. Intaneti haikuwepo hata ndotoni. Ukiuliza vifaa vya kuandika pamoja vilianza lini, watakutajia Ward Cunningham na wiki yake ya mwaka 1995, na si uongo. Ila mtoto aliyeshika herufi ya risasi huku mwenzake akimwambia "hapo umeigeuza" alikuwa tayari kazini.

Burundi nayo ina historia yake ya vyombo vilivyokuja na vilivyobaki. IFADEM, mradi wa nchi zinazotumia Kifaransa wa kuwafundisha walimu wakiwa kazini, ulifika hapa mapema kuliko karibu nchi zote nyingine, na uzito wake ulikuwa kwenye vitabu vidogo na vikao vya walimu wenyewe. Mwaka 2014 masanduku ya kwanza ya Ideas Box, maktaba ya kukunjwa yenye tableti, vitabu na sinema, yalifunguliwa kwenye kambi za wakimbizi wa Kongo za Kavumu, Bwagiriza na Musasa. Mwaka 2020, majirani walipofunga shule kwa sababu ya korona na walimu wao wakalazimika kujifunza kufundisha kwa skrini, Burundi haikufunga. Hakukuwa na shinikizo. Anayetumia vyombo hivi Bujumbura leo, mara nyingi, amevifuata mwenyewe, kwa bando lake, akiulizia kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu ambako maandalizi ya masomo hupita kwa sauti, mtu anaongea huku nyuma kuku wanalia. Nimeona pia, siwezi kusema wapi, kabati la mkuu wa shule lenye tableti ambazo nailoni yake haijatolewa.

Sasa nifike kwenye kile kilichonileta mara ya pili, ya tatu na ya nne.

Etherpad haisahau kitu. Kila herufi iliyoandikwa na kila iliyofutwa imehifadhiwa na saa yake, na juu ya ukurasa kuna kijimstari unachoweza kukisogeza: ukikirudisha nyuma, kipindi kinaanza upya mbele ya macho yako, ukurasa unajaa, unapungua, unajaa tena. Mwalimu hukaa na kipindi chake jioni na kukitazama hivyo, mara mbili. Mara ya kwanza kwa haraka, apate umbo. Mara ya pili polepole, akiwa na daftari.

Alinionyesha kundi la kijani. Dakika kumi na moja halikuandika hata herufi moja. Darasani nilikuwa nimewaona na kuwahukumu wavivu. Kisha ghafla ikaja sentensi nzima, ndefu, yenye kiungo mahali pake, bila kufutwa hata neno. "Hawa walikuwa wanaitunga kwa Kirundi kwanza," alisema. "Wakaipika yote, ndipo wakaipakua." Aliandika kwenye daftari: kijani, wapewe muda. Akasogeza mbele. Kundi la machungwa: aya nzima ilitokea kwa mpigo mmoja. Hiyo haikuandikwa, imenakiliwa kutoka kitabu cha somo. Wanafunzi walidhani rangi itawaficha. Hakukasirika. Aliandika: machungwa, swali lilikuwa jepesi, kosa langu. Kisha kundi la bluu, na hapa alisimamisha mstari, akaurudisha, akausimamisha tena, kama fundi wa Buyenzi anayesikiliza injini na sikio lake karibu na boneti. Mtu wa bluu aliandika "ziwa letu". Akafuta "letu". Akairudisha. Akafuta. Akaandika "ziwa la Burundi". Akafuta. Sekunde ishirini na kitu. Mwishoni pakabaki "ziwa" peke yake.

"Ukisahihisha daftari," aliniambia, "unaona 'ziwa'. Unaweka alama ya vema, unaendelea."

Hakusema zaidi, na sikumwuliza. Kalamu nyekundu niliyoitumia miaka yangu yote ya kufundisha ilikuwa inapima maiti: sentensi imeshakufa, imenyooka, hata ukiipenda huwezi kujua ilipita wapi. Fundi cherehani hamfundishi mwanagenzi kwa kutazama shati lililokwisha. Anatazama mkono unapokata kitambaa, na anajua kabla ya mkasi kufunga. Walimu wa darasa la watu hamsini na wanne hawajawahi kupewa nafasi hiyo, kuona mkono. Huyu aliipata ndani ya kisahani cha sabuni, na badala ya kuitumia kama kamera ya ulinzi anaitumia kujua alipouliza vibaya. Somo lililofuata lilianza na kundi la bluu, na swali lao lilikuwa: ziwa lenye nchi nne ni la nani?

Turudi kwa waridi.

Umeme ulikuwa umekatika dakika chache kabla, na laptopu yao ni mojawapo ya zile mbili ambazo betri zake zimekufa. Skrini ikazima. Sita wale wakahamia kwenye madaftari, kama walivyozoeshwa, wakaendelea kwa kalamu, na hodi ya zambarau ikabisha kwenye nyumba isiyo na watu. Msichana akaandika ya pili. Akangoja. Akaandika ya tatu. Wenzake wakamwambia kwa Kirundi abadilishe tu, ni herufi moja, nani ataona. Kidole kikarudi juu ya kitufe. Kengele ya baiskeli ikalia. Akasukuma kibodi kwa anayefuata.

Mchana nilimsindikiza mwalimu kwenye kibanda cha fotokopi. Mtihani wa watoto hawa utakuwa kwenye karatasi, kwa hiyo kila somo hulichapa, nakala tisa, anazilipia mwenyewe. Mwenye kibanda, mzee wa kofia, alikuwa na jenereta ikinguruma nyuma na nyusi zimekunjwa juu ya karatasi ya kwanza. Aliisoma yote. Ni mtu wa Buyenzi. Asingeweza kuacha kusoma.

"Mwalimu, hapa pana kosa. Wanarara. Nikurekebishie kabla sijatoa zote?"

"Iache hivyo hivyo, mzee wangu. Wenyewe hawajajibu."

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Mashine ikaanza kutema karatasi.